Ebrahim Hussein: Mwandishi Aliyekataa Kushangilia

Katika shule za sekondari za Mufindi, Ebrahim Hussein ni swali la mtihani. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesubiri basi njia panda ya Nyololo, pale barabara kuu ya Iringa na Mbeya inapoachana na ile ya kwenda Igowole na Mtwango, anaweza kukutajia dhamira za Kwenye Ukingo wa Thim bila kupepesa macho: ukabila, mila, nafasi ya mwanamke, usaliti. Akimaliza atakuongezea kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, maana desa lake, ule muhtasari wa kujiandalia mtihani, lina kipengele hicho pia, na mwandishi wa desa hana haya ya kumpa Ebrahim Hussein maksi. Mtupie sasa swali lisilokuwemo kwenye desa: umewahi kuuona mchezo huo ukichezwa? Kuna uwezekano mkubwa atakutazama kama mtu uliyemuuliza kama amewahi kuona kanuni ya hesabu ikicheza ngoma.

Ndivyo tulivyomfanya mtu aliyefanya majaribio makubwa kuliko wote katika tamthilia ya Kiswahili. Tumemhifadhi kwenye karatasi za mtihani kama nyama kavu. Yeye aliandika ili mtu asimame mbele ya watu na kuwasumbua.

Alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini, nchi ya Kilwa na Lindi, akakua kati ya madrasa, mashairi na hadithi za jioni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha sanaa za maonyesho miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo kuingia humo. Tamthilia waliyoikuta ilikuwa ya kikoloni: pazia, jukwaa lililoinuliwa, Shakespeare, na hadhira iliyokaa kimya gizani. Nje ya chuo kulikuwa na kitu kingine kabisa, vichekesho. Mchezo wa aina hiyo haukuwa na andiko. Wachezaji walikijua kisa, mengine waliyatunga papo hapo wakisikiliza watazamaji wanavyocheka, wanavyozomea na wanavyotoa ushauri usioombwa. Ebrahim Hussein aliviona vyote viwili na hakukidharau hata kimoja. Katika Alikiona, mchezo wake wa mwanzo juu ya mke mwenye mambo yake ya pembeni, unasikia kabisa mapigo ya kichekesho. Wakati Ukuta, ulio juu ya binti Tatu, kijana Swai na wazazi wasioelewa zama, ni wa kawaida zaidi. Ni kazi za kijana anayenoa kisu.

Kisha, mwaka 1969, akatoa Kinjeketile.

Ikumbukwe mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili. Mathias Mnyampala na washairi wenzake wa UKUTA walikuwa wakisambaza ngonjera, na watoto wa shule nchi nzima walizikariri: huyu mjinga, yule mwerevu, mwishoni mjinga anaelimika na wote wanasifu siasa ya Chama. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka huohuo alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya Shakespeare. Sanaa ilitakiwa ijenge taifa, na vita vya Majimaji vilikuwa tofali zuri kuliko yote. Makabila yaliyoungana dhidi ya Mjerumani, je, mwandishi atake nini tena? Kumbukumbu za wazee zilikuwa zimekusanywa na kuchapishwa mwaka 1968 kwa kazi ya Gilbert Gwassa na John Iliffe. Kilichobaki ilikuwa mtu aziweke jukwaani na kupiga vigelegele.

Ebrahim Hussein hakupiga vigelegele. Alianza kwa kutuonya kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni, si yule Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Kisha akamtumbukiza mtoni. Mganga anazama katika Rufiji, anakaa huko muda ambao binadamu hawezi kukaa, anatoka na maji ya dawa na maneno ya Hongo, pepo wa mto. Watu wanaungana, wanafurahi, risasi zitageuka maji. Katikati ya shangwe mganga anasikia alichokisema kwa kinywa chake mwenyewe: kwamba wakishamwondoa Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Wenzake wamelipita neno hilo kama halikusemwa. Yeye limemkaa kooni. Kumbe aliyempa nguvu alikuwa na bwana mwingine mfukoni.

Sijui tukio jingine katika tamthilia zetu linalouma hivi. Nchi ina uhuru wa miaka minane, na mwandishi wa miaka 26 anamweka shujaa wa taifa mbele ya umati na kumfanya aogope neno lake mwenyewe. Tangu hapo mchezo wote ni juu ya mtu anayekimbizwa na kitu alichokizaa. Mganga anasihi vita visubiri, watu hawasubiri. Wanakufa. Mwishoni yuko kifungoni, na ofisa wa Kijerumani anamtaka aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo. Hasemi. Imani yake mwenyewe haijabaki yote, lakini anaona mbali: akisema hivyo, Mjerumani atawaambia watoto na wajukuu kwamba waliopigana walikosea kupigana. Hiyo si ngonjera. Hakuna mwerevu wala mjinga, na hakuna anayetoka pale na jibu la kubeba nyumbani.

Nasema haya kutoka Nyololo kwa sababu ardhi hii ina sehemu yake katika kisa hicho, sehemu ambayo tamthilia haikuifikia. Sisi tuko kwenye mpaka wa maji. Upande wa Njombe, Wabena wa chifu Mbeyela waliyapokea, na Septemba 1905 wakaishambulia misheni ya Yakobi, kituo cha Walutheri wa Berlin. Walishindwa. Upande wa kaskazini, Wahehe hawakuyapokea, na wapiganaji wao walitumika upande wa Wajerumani. Ni rahisi kulitamka jambo hilo kama aibu. Lakini wale walikuwa wameshapigana vita vyao: Lugalo mwaka 1891, ambako kikosi cha Kijerumani cha Zelewski kiliteketezwa, ngome ya Kalenga ikavunjwa 1894, mtawala wao Mkwawa akafa 1898. Mtu aliyezika watu wake miaka saba iliyopita haamini upesi kwamba risasi itageuka maji. Majimaji iliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Sasa mchezeshe Kinjeketile hapa, mbele ya wajukuu wa waliokunywa na wajukuu wa waliokataa, uone kama watu watakubaliana wakati wa kutoka. Ndiyo maana nasema mchezo huu haujaisha kazi. Umekosa tu hadhira inayostahili.

Na kuna jambo jingine ambalo siwezi kulikwepa nikiwa natajataja kijiji hiki. Wengi nje ya Mufindi wameisikia Nyololo kwa sababu moja: Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa hapa akiwa kazini, na baadaye askari polisi mmoja akahukumiwa kifungo kwa kifo hicho. Sitayafananisha mambo mawili yasiyofanana. Nasema tu kwamba watu wa hapa hawahitaji mwalimu wa fasihi awaeleze kuwa kubeba neno ni kazi yenye hatari.

Turudi kwa mwandishi. Miaka miwili baada ya Kinjeketile aliandika Mashetani, na hapo ndipo wasomaji wengi walipomkimbia. Vijana wawili wa chuo kikuu, Kitaru na Juma, wanacheza mchezo chini ya mbuyu: mmoja Shetani, mwingine Binadamu. Mchezo unakwisha, lakini haukwishi. Kitaru anaumwa, na ugonjwa wake si wa vidonge. Familia yake imepanda juu baada ya Uhuru, ya Juma imeanguka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na bibi yake Juma bado anaishi katika nyumba ambayo haipo. Urafiki wa vijana unapita juu ya shimo hilo bila daraja. Ndoto zinaingia katika mazungumzo, mchezo unaingia ndani ya mchezo, na mtazamaji anaachwa apange mwenyewe. Nakiri kuna kurasa ngumu mno humo, na baadhi ya ugumu wake naona ni wa kijana aliyesoma sana. Hata hivyo ni nani mwingine aliyekuwa tayari, mwaka 1971, kusema jukwaani kwamba ukoloni ulishapanga chumba ndani ya vichwa vyetu na kodi tunalipa sisi?

Miaka hiyo akaenda Berlin ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Humboldt, kusomea udaktari juu ya maendeleo ya tamthilia katika Afrika ya Mashariki. Inafurahisha kuwaza kwamba mji uliotuma wamisionari Yakobi ndio uliompokea mwandishi wa Kinjeketile, ingawa walioishi kwenye mji huo wakati huo walikuwa wa imani nyingine kabisa. Berlin ya Mashariki ilikuwa mji wa Bertolt Brecht. Yeye alikuwa amefariki 1956, lakini kundi lake, Berliner Ensemble, lilikuwa bado linafanya kazi. Brecht alitaka mtazamaji asilewe hadithi, afikiri huku anatazama, mchezaji asijifanye kuwa ndiye mhusika bali atuonyeshe mhusika. Kwa Mzungu wa karne ya 20 hilo lilikuwa jambo jipya la kuandikiwa vitabu. Kwa bibi yeyote aliyewahi kutamba hadithi jikoni, akawa fisi, akawa sungura, akaacha yote kumfokea mtoto aliyesinzia, kisha akarudia ufisi wake palepale alipouacha, hilo ni jambo la kila jioni.

Nadhani Ebrahim Hussein aliliona hilo vizuri, maana mwaka 1976 alichapisha vipande viwili katika kitabu kimoja, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, na ndani yake akavunja karibu kila kitu alichofundishwa kuhusu tamthilia. Hakuna orodha ndefu ya wahusika wanaoingia na kutoka. Hakuna sebule, mlango, wala simu inayolia. Kuna mtambaji. Yeye ndiye msimuliaji na ndiye wote wanaosimuliwa, anapanda kwenye ushairi na kushuka kwenye mazungumzo, anaigiza, anakaa pembeni ya maigizo yake na kuyatazama. Mzigo wote unabebwa na sauti moja na mwili mmoja. Katika Ngao ya Jadi kuna joka liitwalo Sesota, kuna ushindi juu yake, na kuna kinachofuata baada ya ushindi, ambacho ndicho hasa mwandishi alichotaka tukitazame. Tanganyika haitajwi. Haina haja ya kutajwa.

Kwangu hiki ndicho kilele chake, na inasikitisha kwamba ndicho kitabu chake kisichozungumzwa sana. Kinjeketile unahitaji kundi la wachezaji na muda wa mazoezi. Mashetani unahitaji hadhira yenye subira ya mtawa. Jogoo Kijijini unahitaji mtu mmoja asiyeogopa watu. Hebu fikiria siku ya mnada hapa Nyololo, lori za mbao za Sao Hill zimeegeshwa, kina mama wamepanga viazi kwa sado, ukungu wa Julai umegoma kuondoka. Mtu anasimama katikati ya watu na kuamkia, "Kamwene!" Anaitikiwa kabla watu hawajajua kama ni wazimu au ni biashara. Hapo ameshapata jukwaa. Au katika kilabu cha ulanzi, ambako kila jioni ya msimu kuna wasimulizi wasiojua kwamba wanachofanya kina shahada yake chuo kikuu. Sisemi waletewe sanaa, wanayo. Nasema andiko la 1976 limekaa rafuni likisubiri watu wa aina hiyohiyo.

Na si kwamba jambo hilo halijajaribiwa kwa njia nyingine. Miaka ya 1980 kundi la Paukwa la Dar es Salaam, lenye wasanii na walimu kama Amandina Lihamba na Penina Muhando, lilichukua usimulizi na kuutia katika tamthilia ya kisasa. Walewale walishuka vijijini na sanaa za maonyesho za jamii, wanakijiji wakachunguza matatizo yao na kuyacheza wenyewe, na mwaka 1996 ukaanza mpango wa Tuseme, ambao uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyasema kwa maigizo yale ambayo barazani hayasemeki. Baadaye tukampata Mrisho Mpoto, mtoto wa Songea, peku jukwaani, akiwasimulia wakubwa mambo yao kwa mafumbo huku nchi nzima ikisikiliza redioni. Mpoto amejaza viwanja ambavyo Ebrahim Hussein hakuwahi kuviota. Sijui kama wanaomshangilia Mpoto wanajua kwamba mtu mmoja kusimama na hadithi yake, akaiita tamthilia, lilikuwa jambo lililohitaji ujasiri wakati fulani.

Arusi ilitoka 1980. Ndoto ya Ujamaa inavunjikia ndani ya nyumba, kati ya jamaa na marafiki, bila kelele za mkutano wa hadhara. Mkoa wa Iringa haukushangazwa. Hapa ndipo Krismasi ya 1971 mkulima Said Mwamwindi alipomuua Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu, kule Isimani, kwa ugomvi wa mashamba na vijiji vya Ujamaa. Euphrase Kezilahabi aliandika Dunia Uwanja wa Fujo miaka michache baadaye, na mauaji ya aina hiyo yamo. Kezilahabi alipiga moja kwa moja. Ebrahim Hussein alizunguka, kama kawaida yake, na kuna wanaomlaumu kwa kuzunguka. Mimi simlaumu. Arusi si kazi yake bora, lakini nani mwingine alikuwa akiuliza, wakati Chama kikiwa katika nguvu zake zote, kwamba huyu bwana harusi anamwoa nani?

Halafu ukaja ule mchezo wa mtihani. Desemba 1986 alifariki Nairobi wakili Mjaluo, Silvano Melea Otieno. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika katika shamba lao la Ngong. Ukoo wa mume, Umira Kager, ulitaka mwili urudi Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda mahakamani, ikapanda Mahakama ya Rufaa, magazeti yakauzwa kama njugu, na marehemu alisubiri kaburi kwa miezi mitano hadi Mei 1987. Ukoo ulishinda. Mwaka 1988 Ebrahim Hussein alichapisha Kwenye Ukingo wa Thim, na ndani yake wakili Herbert na mkewe Martha. Desa linasema mchezo huu unapinga mila potofu. Ni kweli kiasi hicho tu. Lakini usome polepole utaona kwamba mila yenyewe haina shida kubwa humo kama watu wanaoivaa wanapoitaka mali, na kwamba ndoa ile ya wasomi, yenye vitabu na muziki wa kigeni, nayo ina nyufa zake. Kila ukoo uliowahi kukaa matanga huku jicho moja likiwa kwenye shamba la marehemu unaujua mchezo huu, na sijui mkoa wa Tanzania usio na ukoo wa namna hiyo.

Tangu hapo hakutoa tamthilia nyingine iliyopata umaarufu kama hizo. Ualimu wa chuo kikuu alikuwa ameuacha miaka ya 1980, akaishi maisha ya faragha Dar es Salaam, mbali na makongamano na picha za magazeti. Ukimya huo umezaa hadithi nyingi kuliko michezo yake. Alain Ricard, Mfaransa aliyeandika kitabu kizima juu yake mwishoni mwa miaka ya 1990, aliuchukulia kwa uzito kama sehemu ya maisha ya mwandishi katika nchi iliyotaka kila mtu aimbe wimbo mmoja. Wengine wanaupamba kama utakatifu. Mimi naona tumeutumia kama kisingizio. Mtu akisema "siku hizi hasemi", anakuwa ameshajisamehe kutosoma aliyoyasema.

Jambo zuri lililofanyika kwa jina lake katika miaka ya karibuni ni la ushairi. Tangu 2014 kuna Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, iliyoanzishwa kwa wosia wa Gerald Belkin, mtengeneza filamu kutoka Canada, na diwani za washindi huchapishwa na Mkuki na Nyota. Inamfaa. Yeye mwenyewe aliandika shairi la Ngoma na Vailini, la mtu aliyegawanyika kati ya midundo miwili, na alikuwa upande wa waliolegeza kamba za vina na mizani wakati jambo hilo likiwagombanisha watu wazima hadharani. Lakini ningependa kuona pia tuzo ya kucheza, si ya kuandika: shule, kikundi cha kata, kwaya ya usharika, yeyote atakayelichukua andiko lake moja na kulisimamisha.

Walimu watasema muda haupo, mtaala umejaa, na nawaamini. Basi waanze na kidogo. Waache Thim kwa wiki moja, wachukue Ngao ya Jadi, wamtoe mwanafunzi mmoja nje ya darasa, asimame kwenye nyasi, wenzake wakae duara. Asiye na sauti kubwa ndiye achaguliwe, maana darasa litalazimika kunyamaza ili limsikie. Asisome kutoka mwanzo. Aanzie pale joka limeshakufa na kijiji kinasherehekea. Kisha mwalimu afunge daftari la dhamira na kuuliza swali moja tu: je, Sesota amekufa kweli? Kengele ya chakula ikilia wakiwa bado wanabishana, mwalimu awaache wabishane.